Barua ya wazi kwa Bunge la Uganda: Andikeni habari za Rebecca Kadaga angali hai

Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge la Uganda, wajumbe wa Tume ya Bunge, na Katibu wa Bunge, Kampala.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Busoga, mashariki mwa Uganda. Ombi langu nalitanguliza: Bunge lirekodi na kuchapisha habari kamili za utumishi wa Mheshimiwa Rebecca Alitwala Kadaga, aliyekuwa Spika wenu kuanzia 2011 hadi 2021, lifanye hivyo yeye mwenyewe akiwapo na akiwa na nguvu za kujibu maswali, na maandishi hayo yatoke pia kwa Kiswahili.

Najua mtauliza haraka ni ya nini. Kiti cha Spika kimeondokewa na watu wengi kabla hawajaulizwa walichokijua. James Wapakhabulo aliongoza Baraza la Kutunga Katiba mwaka 1994 na 1995, kisha akawa Spika wa kwanza chini ya Katiba hiyo, kuanzia 1996 hadi 1998. Francis Ayume akampokea hadi 2001. Wote wawili walifariki mwaka 2004, Wapakhabulo mwezi Machi na Ayume mwezi Mei kwa ajali ya gari. Mwaka uliofuata, 2005, Bunge likakaa kuamua kama ukomo wa mihula ya urais uondolewe katika Katiba. Mtu aliyesimamia mjadala ulioweka kifungu kile, na ambaye angeweza kueleza kwa nini kiliwekwa, alikuwa kaburini. Kila mara ninapowafundisha vijana habari za mwaka ule jambo hili huniumiza. Baadaye akaja Jacob Oulanyah. Alikuwa Naibu Spika kwa miaka kumi, akapata uspika Mei 2021, na tarehe 20 Machi 2022 akafariki Seattle, Marekani, kabla ya kumaliza hata mwaka mmoja kitini. Aliyoyaona katika miaka ile yote, sehemu kubwa ameondoka nayo.

Kadaga tunaye. Alizaliwa tarehe 24 Mei 1956, na tangu 1989 hajawahi kuwa mbali na siasa za nchi hii. Kwa miaka 20 mfululizo alikaa mbele ya ukumbi wenu, kumi akiwa Naibu Spika chini ya Edward Ssekandi, kumi akiwa Spika. Ni wachache mno katika Afrika Mashariki nzima walioona kazi ya kutunga sheria kwa karibu hivyo na kwa muda mrefu hivyo.

Niwaeleze kilichonisukuma kuandika. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili, na unataka mwanafunzi atafute habari mwenyewe, aandike, atetee alichoandika. Niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kuandika habari za kiongozi wa Busoga ambaye kazi yake imegusa nchi nzima, kwa kutumia maandishi watakayoyapata. Wengi walimchagua Kadaga. Siku ya kuleta kazi, msichana mmoja alikuja na kalenda ya kampeni aliyoibandua ukutani kwa bibi yake. Karatasi ile ya kung'aa ilikuwa na matundu ya misumari juu, pembe moja imeliwa na mende, picha ya basi la manjano, alama ya chama tawala cha NRM, chini, na Mheshimiwa katikati amevaa gomesi, amezungukwa na miezi iliyokwisha pita zamani. Akaitandaza juu ya dawati akaniambia, "Mwalimu, maandishi niliyopata ndiyo haya." Alisema kwa unyenyekevu kabisa, kwani alikuwa ametafuta kweli.

Mvulana aliyekaa nyuma yake akanyoosha mkono. "Huyu ndiye aliyekuwa kwenye kiti siku askari walipoingia Bungeni?" Darasa likawaka. Wengine wakasema ndiye aliyewatetea wabunge, wengine wakasema ndiye aliyepitisha sheria ya umri wa rais, mmoja akasema mama yake humwita Mama Kadaga na hataki asemwe vibaya nyumbani. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya habari aliyoisikia jikoni au kwenye bodaboda. Nilikuwa na maneno ya kuwaambia, lakini sikuwa na karatasi hata moja ya Kiswahili ya kuwapa mkononi wasome, kisha wabishane wakiwa na ushahidi.

Sasa tazameni jirani. Anne Makinda alikuwa Spika wa kwanza mwanamke wa Tanzania, kuanzia Novemba 2010. Kadaga akawa Spika wa kwanza mwanamke wa Uganda tarehe 19 Mei 2011. Wakati huohuo Rose Mukantabana alikuwa Spika wa Baraza la Wabunge la Rwanda, kiti alichokikalia tangu 2008, na Juni 2012 Margaret Zziwa, Mganda mwenzetu, akachaguliwa Spika wa Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha. Kwa kipindi kile kifupi, mabunge manne ya ukanda huu yaliongozwa na wanawake kwa wakati mmoja. Hilo ni jambo kubwa, na nashangaa linavyopita bila kutajwa katika masomo ya historia. Leo mwanafunzi wangu wa Jinja au Kamuli anayejifunza Kiswahili anaweza kusoma maneno ya Makinda kama yalivyotamkwa, kwa sababu Hansadi ya Tanzania, yaani kumbukumbu rasmi za maneno yanayosemwa Bungeni, ni ya Kiswahili: namna alivyomkatiza mbunge, alivyotoa mwongozo, alivyoahirisha kikao. Habari za Spika wa Dodoma atazijua kwa Kiswahili, lakini za Spika aliyezaliwa wilayani kwao hatazijua. Sioni haki katika hilo.

Na msiniambie Kiswahili hakiwahusu. Katiba yetu, kwa marekebisho ya 2005, inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, itumike kadiri Bunge litakavyoelekeza kwa sheria. Maneno hayo yanawataja ninyi, Waheshimiwa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Sisi walimu tumeletewa darasa, lakini vitabu vya kusomesha mambo ya nchi yetu kwa lugha hiyo hatujaletewa. Tunafundisha kwa mifano ya Dar es Salaam na Mombasa. Si vibaya, ila mtoto hujifunza lugha kwa moyo zaidi inapomweleza mambo ya kwao.

Kuna mengi ya kuandika. Kadaga alisoma Namasagali, pale kwenye bandari ya Mto Nile ilipoishia reli ya zamani ya Busoga kutoka Jinja. Akasoma sheria Makerere, akahitimu 1978, yaani katika miaka ya Amin, wakati sheria yenyewe ilikuwa imewekwa pembeni. Nani amemuuliza ilikuwaje kusomea uwakili wakati ule? Akapitia chuo cha mafunzo ya sheria cha Kampala, na kuanzia 1984 hadi 1988 akafanya kazi ya uwakili wa kujitegemea, nchi ikiwa vitani na serikali zikipinduliwa. Mwaka 1989 akaingia kwenye baraza la NRC, lililokuwa Bunge la siku zile, kuwa mwakilishi wa wanawake wa Kamuli. Huo ndio mwaka ambao kila wilaya ilipeleka mwanamke wake kwa mara ya kwanza. Viti vile leo tunaviona vya kawaida, wala vijana hawajui kwamba kuna watu waliovikalia vikiwa bado havijulikani vitafanya kazi gani. Yeye ni mmoja wa wale wa kwanza.

Uwaziri wake wa miaka ya tisini nitaupitia kwa haraka: ushirikiano wa kikanda, mawasiliano na usafiri wa anga, kisha masuala ya Bunge. Jambo moja kuhusu elimu yake lisisahaulike, hasa kwa wasichana. Mwaka 2003, akiwa tayari Naibu Spika, alipata shahada ya uzamili ya sheria za wanawake kutoka Chuo Kikuu cha Zimbabwe. Mtu mwenye cheo kile angeweza kutosheka na alichokuwa nacho.

Nataka zaidi miaka yake kumi ya uspika iandikwe kwa kina, na hasa uamuzi mmoja. Aprili 2013 chama cha NRM kiliwafukuza uanachama wabunge wanne: Theodore Ssekikubo, Wilfred Niwagaba, Muhammad Nsereko na Barnabas Tinkasiimire. Chama kikamtaka Spika atangaze kwamba viti vyao viko wazi. Katiba, katika Ibara ya 83(1)(g), inasema mbunge hupoteza kiti akikiacha chama kilichompeleka Bungeni na kujiunga na chama kingine au kuwa huru. Sasa aliyefukuzwa, ameacha? Aliyetakiwa kujibu alikuwa ameingia Bungeni kwa tiketi ya chama hichohicho, na waliomtaka akubali walikuwa wakubwa wa chama chake. Tarehe 2 Mei 2013 akasoma uamuzi wake: Katiba haimpi Spika uwezo wa kutangaza kiti kuwa wazi kwa sababu mbunge amefukuzwa, kwa hiyo wanabaki.

Februari 2014 Mahakama ya Katiba iliona vingine, ikasema wanapoteza viti. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo ndiyo ya mwisho, na Oktoba 2015 ikaamua kwamba mbunge aliyefukuzwa na chama chake habanduliwi kitini kwa hilo. Kila mbunge aliyemo humo ndani leo, wa chama tawala na wa upinzani, anaketi chini ya kivuli cha uamuzi ule. Anaweza kupiga kura kinyume na chama akajua kwamba waliomchagua ndio watakaomhukumu. Kama wanafunzi wangu wangepewa kusoma ukurasa mmoja tu wa Hansadi kwa Kiswahili, ningechagua ukurasa wa siku ile.

Kabla ya hapo, Oktoba 2011, akiwa na miezi mitano tu kitini, aliwaita wabunge kutoka likizoni wakajadili mikataba ya mafuta, na mjadala ule ulitikisa mawaziri. Mwaka 2012 wabunge wa pande zote walikataa kupitisha bajeti mpaka fedha za kuajiri wahudumu wa afya zipatikane. Sisi tunaoishi vijijini tunajua maana ya kituo cha afya chenye jengo, kitanda na dawa kidogo, lakini mkunga hayupo. Mwaka huohuo Kampala ilipokea mkutano wa 126 wa Umoja wa Mabunge Duniani. Hayo ya mikutano yana picha nyingi, hayahitaji msaada wangu.

Waheshimiwa, siwaombi kitabu cha sifa, maana tunavyo vya kutosha, na vijana wanavinusa kwa mbali. Andikeni na yale yanayouma. Andikeni tarehe 20 Desemba 2013, siku Bunge lilipopitisha sheria dhidi ya ushoga huku Waziri Mkuu wa wakati ule, Amama Mbabazi, akisimama kusema akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa ili kura ipigwe, haijatimia. Kikao kikaendelea. Tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria ile kwa sababu ya akidi hiyohiyo. Kila mtu ana maoni yake juu ya sheria yenyewe, lakini suala la akidi ni la kiti cha Spika, na mwenye kiti yupo. Aulizwe alifikiri nini dakika ile. Mwanafunzi wa sheria na mwalimu wa uraia wote wanalihitaji jibu lake.

Andikeni pia tarehe 27 Septemba 2017. Wabunge kadhaa walikuwa wamesimamishwa na Spika, wakagoma kutoka, na watu wa usalama wakaingia ukumbini wakawatoa kwa nguvu. Nchi nzima iliona kwenye televisheni viti vikirushwa na wabunge wakiburutwa. Baadaye Kadaga alimwandikia Rais akitaka maelezo kuhusu watu wale. Kisha tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, akiwa kitini, Bunge likaondoa kikomo cha miaka 75 kwa mgombea urais. Mtu yuleyule alilalamikia uvamizi wa ukumbi wake na akasimamia kura ambayo uvamizi ule ulihusiana nayo. Yule mvulana wa darasani kwangu aliuliza swali la haki kabisa. Mimi siwezi kumjibu kwa niaba ya Kadaga, na gazeti la siku ile halitoshi. Anayeweza kumjibu ni yeye mwenyewe, akiwa mbele ya mtu aliyejiandaa na mwenye Hansadi mkononi, asiyemwogopa wala kumchukia.

Tarehe 24 Mei 2021, siku Kadaga alipotimiza miaka 65, wabunge walikusanyika uwanja wa Kololo, Kampala, kuchagua Spika. Chama chake kilikuwa kimemuunga mkono Oulanyah. Hata hivyo alisimama, akashindwa. Mwezi uliofuata akateuliwa Naibu Waziri Mkuu wa Kwanza na Waziri wa Masuala ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Agosti 2025 akashindwa tena, safari hii na Anita Among, katika kinyang'anyiro cha nafasi ya juu ya wanawake ndani ya NRM. Nasikia watu wakisema zama zake zimepita. Mimi nasema huu ndio wakati mzuri wa kumsikiliza, kwa kuwa mtu akiwa juu kabisa huzungukwa na wanaomwandikia la kusema. Na maswali ya mwanamke aliyefundishwa na chama, akakaidi chama, akaachwa na chama, akabaki ndani ya chama, yanawahusu wengi walio kwenye viti vyenu sasa.

Kazi yenyewe si ngumu, na watu mnao. Mna maktaba, mna watafiti, mna wahariri wa Hansadi wanaojua kila kikao kimehifadhiwa wapi. Naomba mahojiano marefu yarekodiwe kwa sauti na picha, kwa lugha anayoiona yeye ni nyepesi kwake, Lusoga ikiwemo. Yafanywe na mtu wa taaluma, mwanahistoria au mwanasheria, asiwe mtu wa ofisi ya habari ya chama wala wa upinzani. Rekodi nzima ihifadhiwe hata kama sehemu nyingine zitafunguliwa baada ya miaka. Nakala za vikao vya NRC alivyoshiriki zitafutwe na kuwekwa pamoja, na wale aliofanya nao kazi miaka ile waulizwe sasa, maana wengi wao ni wazee. Kisha kitoke kijitabu chepesi cha shule, chenye maamuzi yake makubwa manne au matano kwa maneno yake kama yalivyo kwenye Hansadi, na maneno ya waliompinga ukurasa wa pili yake. Kitoke kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Lusoga na Luganda zifuate. Kisizinduliwe wakati wa kampeni, na kisiwe na picha ya kiongozi mwingine yeyote kwenye jalada. Hilo la jalada naliomba kwa mkazo, kwani tumepokea vitabu vya serikali ambavyo mtoto hafahamu vinamhusu nani.

Kuna atakayesema kwa nini Kadaga, kwa nini si Ssekandi, kwa nini si wengine. Na wao waandikwe. Ssekandi alikaa kitini miaka kumi kisha akawa Makamu wa Rais kwa miaka kumi mingine, na sijui kijana anayeweza kuniambia uamuzi hata mmoja aliotoa akiwa Spika. Ila lazima kuanza na mmoja, na huyu ana habari zinazounganisha NRC, Katiba mpya, kurudi kwa vyama vingi na Jumuiya ya Afrika Mashariki katika maisha ya mtu mmoja. Zaidi ya hayo, wasichana wa Busoga wanamwona kwenye kalenda na hawajui alifanya nini.

Kuhusu Kiswahili, gharama isiwe kisingizio. Mimi niko tayari, na walimu wenzangu wa Kiswahili niliozungumza nao Jinja, Iganga na Kamuli wako tayari, kufasiri rasimu ya kwanza ya kijitabu hicho bila malipo, kisha ninyi mtafute mhariri wa kuihakiki. Kwa kuanzia tunahitaji kutoka kwenu nakala iliyothibitishwa ya Hansadi ya tarehe 2 Mei 2013, idhini ya kuifasiri na kuitumia darasani, na jina la ofisa mmoja hapo Bungeni ambaye tunaweza kumwandikia na akajibu.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili, Busoga